Kununua Simu kwa Betri na kwa Nafasi

Aghalabu mtu aingiapo dukani kununua simu, iwe ni Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, au Luthuli Avenue ya Nairobi, au vichochoro vya Darajani, Unguja, huulizwa na muuzaji maswali mawili ambayo kwa dhahiri ni ya adabu na kwa batini hayamfai kitu: una shilingi ngapi, na unapenda rangi gani. Naye mnunuzi, ambaye pengine fedha ile ameidunduliza kwa miezi, au ametumiwa na kijana wake aliyeko Maskati, hurudisha swali lake moja, kama simu hiyo inapiga picha vizuri. Akakabidhiwa, akajipiga picha chini ya taa kali za dukani ambazo humpendezesha kila aliyesimama chini yake, akatoa fedha. Mambo mawili yatakayoamua kama simu ile itamtumikia miaka minne au itamchosha kabla ya mwaka kwisha, yaani betri na nafasi ya kuhifadhi, hupitiwa kwa kutajwa tarakimu zilizopigwa chapa kwenye boksi, na tarakimu zikiwa kubwa pande zote mbili mnunuzi huridhika.

Rai yangu ni kwamba simu hununuliwa kwa kuitazama aushi ya atakayeitumia, wala si kwa kulitazama boksi. Na kwamba mtu ambaye fedha yake haivitoshi vyote viwili, afadhali atangulize nafasi kuliko betri, isipokuwa kwa sharti moja nitakalolieleza mbele. Najua kauli hii itawashangaza wengi, maana simu inayozimika njiani humuaibisha mtu papo hapo, ilhali simu inayojaa humsumbua taratibu, leo picha moja imekataa kuhifadhiwa, kesho programu ya benki imekataa kusasishwa, mpaka mwenyewe anasadiki kwamba simu imechakaa, kumbe imejaa tu.

Lakini betri ndiyo yenye mashtaka mengi, basi na isikilizwe kwanza. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na ikauzwa zaidi ya milioni 200 ulimwenguni, ilibeba betri ya aina ya BL-5C ambayo uwezo wake haukufika hata robo ya betri za simu za leo, na juu ya hayo mtu aliweza kuondoka nayo Tanga, akafika Mwanza, akakaa msibani siku mbili, asiombe chaja ya mtu. Betri zile hazijatoweka. Ndizo hizo zinazotiwa hadi leo katika redio ndogo za mkononi ambazo wazee husikilizia taarifa ya habari barazani. Siri haikuwa katika betri, ilikuwa katika uchache wa kazi: kioo kidogo kisicho na rangi, na simu isiyokuwa na la kufanya mpaka ipigiwe. Simu ya leo hailali. Hata ikiwa mfukoni kioo kimezimwa, inapokea ujumbe, inatazama mwenyewe yuko wapi, inapakia picha, inasasisha programu ambazo mwenyewe hajui kama anazo.

Kwa sababu hiyo, tarakimu ya mAh, ambayo dukani hutajwa kama mtu anavyotaja mahari ya binti mfalme, hueleza kiasi cha chaji ambacho betri inaweza kubeba, wala haielezi kasi ambayo kwayo simu itakila kiasi hicho. Siku hizi elfu tano imekuwa kiwango cha kawaida hata katika simu za bei ya chini, na yapo matoleo mapya yenye betri za kaboni na silikoni yanayovuka elfu sita na elfu saba bila kunenepa. Walakini simu yenye elfu sita na prosesa ya zamani iliyoundwa kwa nanomita 12 yaweza kuzimika kabla ya jirani yake yenye elfu tano na prosesa ya nanomita 6, kwa kuwa ya kwanza hutumia umeme mwingi zaidi kwa kazi ile ile. Kioo kinachojichora upya mara 120 kwa sekunde hula zaidi ya kinachojichora mara 60, na mtu asiyecheza michezo ya simu hatakosa kitu akikirudisha katika 60. Fauka ya hayo kuna mnara: pale mtandao ulipo dhaifu, simu hulazimika kuongeza nguvu ya mawimbi yake ili isikike, hata simu mbili pacha zilizonunuliwa siku moja, moja ikikaa Upanga na nyingine ikipelekwa shamba kusikofika mtandao vema, zitatofautiana mchana kutwa. Mwenye kukaa huko asiilaumu simu. Aizime data wakati haitumii, au aiweke katika hali ya ndege usiku, ataona ajabu.

Hapa ndipo linapoingia lile sharti. Tarehe 10 Desemba 2009 kisiwa cha Unguja kilikosa umeme kwa hitilafu katika njia ya waya uliopita chini ya bahari kutoka Bara, na kiza kile kikaendelea mpaka Machi 2010. Siku zile simu zilizokuwa mikononi mwa wengi zilikuwa za vitufe, chaji ya mara moja ikamvusha mtu siku kadhaa, na aliyekuwa na jirani mwenye jenereta alikuwa amekwisha salimika. Lau msiba ule ungetokea leo, wakati ambapo fedha ya sokoni, tiketi ya boti, hati ya malipo ya umeme na khabari za mgonjwa aliyelazwa zote zimo ndani ya simu, mfuko wa mtu ungekuwa mtupu kabla ya alasiri ya siku ya pili. Kwa hiyo anayeishi mahali ambapo umeme haumfikii, au humfikia kwa mgao, au anayepeleka simu yake kibandani kuchajiwa kwa malipo, huyo asinisikilize mimi ninapoitukuza nafasi. Huyo achukue betri kubwa kwanza, na ikiwezekana asikiache kitochi chake, kwani hiki cha vitufe bado kinatuma na kupokea fedha kwa kubonyeza nyota na reli, na kinakaa na chaji.

Wengine wote, yaani sisi tuwezao kuchomeka chaja kila usiku, tunanunua betri kubwa kwa hofu kuliko kwa haja. Nitasema kwa nini. Betri ni kitu cha kuharibika, imezaliwa hivyo. Betri ya ayoni za lithiamu, ambayo Sony iliiingiza sokoni kwa mara ya kwanza mwaka 1991, na ambayo iliwapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, hufanya kazi kwa ayoni za lithiamu kwenda na kurudi baina ya kambi mbili, na katika kila safari chache hunaswa zisirudi tena. Baada ya mizunguko kama 500 ya kujaa na kuisha, betri nyingi za kawaida hubakiwa na yapata asilimia 80 ya uwezo wake wa awali. Zilizo bora hufikia 800 au 1,000. (Kobalti iliyomo ndani yake, kwa sehemu kubwa, imechimbwa Kongo, katika ardhi ya Kolwezi na viunga vyake, ambako wachimbaji wanazungumza Kiswahili kama sisi, na ambako si kila aliyelitoa jiwe lile shimoni anayo simu ya kumpigia mkewe. Nalitaja jambo hili kwa kupita, ingawa halistahili kupitwa.)

Adui mkubwa wa betri ni joto, na pwani yetu haina upungufu wa joto. Mtazame kijana wa bodaboda saa saba mchana: simu ameifunga kwenye usukani, kioo kimewashwa kwa mwanga wote ili aione ramani juani, data inatembea, waya wa chaja umetoka kwenye betri ya pikipiki na unaisukumia chaji muda huo huo, na jua la Buguruni linaipiga mgongoni. Betri hiyo, hata ingekuwa elfu saba, haiwezi kumaliza miaka miwili kwa heshima. Siku moja kifuniko cha nyuma kitaanza kuinuka, naye atadhani ni gundi imeachia, kumbe betri imevimba. Na betri iliyovimba haibinywi, haitobolewi, wala haichajiwi tena, hupelekwa kwa fundi siku hiyo hiyo. Kijana huyu namshauri afunge kipande cha boksi kuwa kivuli juu ya simu, kama wenzake wengine wafanyavyo, na achaji akiwa ameegesha mtini. Hapo atakuwa ameongeza umri wa betri kuliko fedha yoyote ambayo angeilipa dukani. Na simu nyingi za sasa zina mahali pa kuamuru chaji iishie asilimia 80. Anayelala na simu imechomekwa usiku kucha na aliamuru hilo, kwa kuwa kukaa kwenye mia kwa saa nyingi, hasa katika chumba chenye joto, huichosha betri bila faida.

Lakini lililo kubwa ni hili: betri hubadilishwa. Fundi mwenye kifaa cha kupasha joto na mkono mtulivu huifungua simu, huitoa betri iliyochoka, hutia mpya, na simu hurudia ujana wake kwa gharama ambayo ni sehemu ndogo ya bei ya simu. Tahadhari ni katika ubora wa betri atakayokutilia, maana bandia zimejaa, na zilizotolewa katika simu zilizokufa huuzwa kama mpya. Umoja wa Ulaya umekwisha tunga sheria kwamba kuanzia Februari 2027 vifaa vingi vinavyouzwa huko viwe na betri ambazo mwenyewe anaweza kuzitoa na kuzirudisha. Nasi tuliozifahamu simu ambazo betri yake ilitolewa kwa ukucha wa kidole gumba, tunaruhusiwa kutabasamu.

Sasa linganisha na nafasi. Chipu ya kuhifadhia imetiwa risasi kwenye bodi ya simu, imekaa pale kiwandani ilipowekwa, na kwa mtu wa kawaida haina fundi. Aliyenunua GB 32 atakufa nazo. Aidha zile 32 au 64 zilizotajwa kwenye boksi si zake zote: mfumo wenyewe wa simu, pamoja na programu ambazo hakuziomba na nyingine haziondoki, huchukua GB 15 mpaka 20 au zaidi kabla hajapiga picha ya kwanza. Mwenye 32, basi, ananunua kitu kama kumi na mbili hivi, na kumi na mbili hizo zina mgeni anayezisubiri.

Mgeni huyo ni WhatsApp. Sijui kama wale walioibuni programu hiyo waliwahi kufikiri juu ya kamati ya harusi ya Kitanzania, yenye watu mia na zaidi, ambamo kila aliyelipa mchango hutuma picha ya risiti, kila shangazi hutuma ua lenye salamu za asubuhi, Ijumaa huja na kadi za dua zinazofanana, na siku ya siku watu thelathini hutuma video ya bibi harusi akiingia ukumbini, yote yakashuka yenyewe na kujipanga katika simu ya mtu ambaye hakuyafungua hata mojawapo. Dakika moja ya video ya ubora wa kawaida iliyopigwa kwa simu huchukua baina ya MB 60 na 130. Anayerekodi saa moja ya nikaha ya mwanawe ameondoa GB nne mpaka nane kwa mkupuo, na hiyo ni video ambayo hataki kuifuta maisha yake yote. Dawa ya kwanza ni bure: ingia katika mipangilio ya WhatsApp, zuia picha na video zisishuke zenyewe, na zisijionyeshe pamoja na picha zako. Dawa ya pili ni kununua nafasi mapema, kwa kuwa hakuna ajuaye ni vikundi vingapi atakavyoingizwa kabla ya Mfungo Mosi.

Simu iliyokaribia kujaa haikatai picha tu. Chipu ya aina hii, ambayo asili yake ni kazi ya Fujio Masuoka wa Toshiba katika miaka ya 1980, haiwezi kuandika juu ya maandishi ya zamani moja kwa moja. Lazima ipate mahali patupu, ihamishie vilivyo hai, ndipo ifute. Ikikosa pa kuhamishia, kila kazi ndogo inakuwa ndefu, na hapo ndipo watu wengi husema simu inakwama, wakaenda kununua nyingine. Mimi huhesabu kwamba sehemu moja katika tano ya nafasi yapaswa kukaa tupu daima.

Kuna hila moja ya maduka ya siku hizi ambayo imenikera kiasi cha kunishikisha kalamu. Nilisimama karibu na mama mmoja wa makamo aliyekuwa akichagua simu, na kijana wa dukani, mwenye adabu zote, akamwamkia:

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nataka isiyokwama.”

“Basi chukua hii hapa. RAM nane, GB sitini na nne, betri elfu tano, laini mbili. Ukichukua hii, mama, umepumzika.”

“Hiyo nane ni nane kweli?”

“Nane, mama. Si unaona imeandikwa?”

Ilikuwa imeandikwa, tena kwa herufi kubwa; na chini yake, kwa herufi ambazo macho ya mama yule hayakuzifikia bila miwani, ikafuata: 4+4. Maana yake ni kwamba RAM ya kweli, yaani kumbukumbu ambayo simu hufanyia kazi, ni GB nne, na nne nyingine ni za kuazima, zimechukuliwa kutoka katika zile 64 za kuhifadhia, ambazo kasi yake ni ndogo sana kuliko RAM. Kwa hiyo kitu kimoja kimeuzwa mara mbili: mara ya kwanza kama nafasi, mara ya pili kama RAM, na anayeiwasha huduma hiyo ili apate nane zake, nafasi yake imepungua nne. Sisemi kijana yule alidanganya, kwani yeye alisoma kilichoandikwa. Nasema kilichoandikwa kimeandikwa ili kisomwe vile.

Yuko atakayesema, mbona kuna memori kadi? Ipo, na katika simu zinazoikubali ni neema kwa picha, muziki na mawaidha. Lakini iPhone hazijapata kuwa na tundu lake, Samsung waliliondoa katika Galaxy S21 mwaka 2021, na hata zinazolikubali, programu nyingi hukataa kuhamia huko au huhamia zikawa nzito. Kadi yenyewe ndiyo bidhaa inayoghushiwa kwa urahisi kuliko zote: kadi ya GB nane hufundishwa kujitaja kuwa ya 512, simu ikaamini, mwenyewe akajaza picha kwa raha, na mara zile nane za kweli zinapokwisha, kila kinachoandikwa kinapotea ama kinaharibu kilichotangulia, wala hapana onyo. Akija kufungua picha za maziko ya baba yake anakuta vibao vya kijivu. Mwenye kadi mpya aijaze yote kwa mafaili yasiyo na thamani siku ya kwanza, ayafungue ya mwisho aone kama yanasomeka, ndipo aiamini. Ama kuweka vitu mtandaoni, Google hutoa GB 15 bila malipo, na nakala za WhatsApp nazo sasa zinahesabiwa humo. Lakini kupandisha na kushusha kunakula bando, na bando si bure.

Pawabenki nayo huuzwa kwa tarakimu. Elfu kumi ya pawabenki haizai elfu kumi ndani ya simu, kwa sababu umeme wake hupandishwa kutoka volti 3.7 hadi 5 na sehemu hupotea kwa joto. Ukipata theluthi mbili umepata haki yako. Iliyoandikwa elfu hamsini nayo ni nyepesi kama boksi la viberiti, iache pale pale.

Na simu zilizotumika za kutoka Dubai? Nyingine ni nzuri mno, lakini kipimo cha afya ya betri kinachoonekana kwenye mipangilio kinaweza kuchezewa na mafundi, kwa hiyo asilimia 100 katika simu ya miaka mitano iwe sababu ya kuuliza, si ya kufurahi. Kipimo cha nafasi ni kigumu zaidi kudanganya: fungua mipangilio mbele ya muuzaji, tazama jumla, tazama kilichokwisha chukuliwa, kisha rekodi video ya dakika chache uone kilichoongezeka.

Nimeulizwa na jamaa kadhaa niseme kwa tarakimu, nisizunguke. Kwa mtu wa mjini mwenye umeme wa kila siku, anayetumia WhatsApp, benki na picha za familia, mimi nasema GB 128 ndiyo mwanzo, na betri ya elfu tano inamtosha. Akikosa fedha ya zote, apunguze mapambo ya kamera na mwendo wa kioo kabla hajagusa hiyo 128. Kwa mvuvi, mkulima, na dereva wa masafa, betri elfu sita kwenda juu, nafasi 64 yenye tundu la kadi halali. Kwa mwanafunzi anayepakua masomo, nafasi tena.

Neno langu la mwisho ni kwa wakubwa wa viwango na mawasiliano. Kenya ilizizima simu bandia usiku wa Septemba 30, 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 16, 2016, watu wakanung’unika siku chache kisha wakazoea kubonyeza *#06# ili kuikagua namba ya utambulisho wa simu kabla ya kununua. Walioweza jambo zito vile hawawezi kushindwa na kibandiko. Nawaomba TBS, KEBS na TCRA waamuru kwamba kila boksi la simu linaloingia nchini liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zenye ukubwa mmoja, nafasi inayobaki kwa mnunuzi simu inapowashwa mara ya kwanza, RAM ya kweli peke yake bila ya kuazima, na mizunguko ambayo betri imeahidiwa kustahimili. Na duka litakalouza boksi lisilo na maandishi hayo litozwe faini.